Kapteni wa Ndoo wa Loma Seca

Verlene Broussard aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa. Alipostaafu, basi alilirudisha, lakini sauti akabaki nayo, ile ya kuwanyamazisha watoto hamsini bila kugeuza shingo. Hata mzee wa miaka sabini na mitano akiisikia nyuma yake alijikuta amenyoosha mgongo na anatafuta mkanda wa kiti. Mtaani Loma Seca, hapa Altadena, hapakuwa na mtu wa kuegesha gari vibaya mbele ya Bi Verlene, wala hapakuwa na aliyekumbuka mara ya mwisho bibi huyo kukiri kwamba amekosea. Wengine tuliamini hajawahi.

Januari upepo ulishuka mlimani ukiwa umebeba moto, na ilipofika saa nne asubuhi, kati ya nyumba ishirini na mbili za mtaa zilikuwa zimesimama nne. Ya Bi Verlene haikuwemo. Kwake kilibaki bomba la moshi la matofali, beseni la kuogea, na mwaloni.

Ukiuliza kama mwaloni huo uliukuta mtaa au mtaa uliukuta mwaloni, jibu ni hilo la pili. Waliochora barabara walilazimika kuipinda kidogo ili ipite pembeni yake. Shina lake watu watatu hawalikumbatii wakashikana mikono, na lote limeinamia upande wa barabara. Marehemu Alphonse, mume wa Bi Verlene, alinunua kiwanja kile kwa sababu ya kivuli. Nyumba aliikuta tu pale pale akaona na iwe. Chini ya matawi yale waliozesha binti yao, na chini ya matawi yale walipika maharage mekundu na wali wa watu mia siku ya kumzika Alphonse. Sasa upande mmoja wa shina ulikuwa mweusi mpaka juu, na jani halikuwepo hata moja.

Februari tulirudi kuchekecha majivu, sote tumevaa barakoa, tunatambuana kwa miwani na matembezi tu. Siku hiyo Bi Verlene aliegemea gari lake akasema neno lililotukaa sote. Alisema nyumba inajengwa, mti haujengwi, na yeye ana miaka sitini na minane, hana muda wa kusubiri mti mwingine ukue. Mwaloni ukikatwa, anauza kiwanja na kukaa moja kwa moja kwa dada yake Pasadena, mji wa jirani alikokimbilia moto, mpaka mwisho. Wanunuzi walikwisha kuanza kumwandikia barua.  Na kila mmoja wetu alijua kwamba ni yeye aliyetupigia simu nyumba kwa nyumba, akatukaripia mpaka tukakubali kurudi, na kwamba akiondoka yeye, nusu yetu tutakuwa nyuma yake.

Wiki hizo wakataji walikuwa wanapita mitaani na rangi, na chochote cheusi kilipigwa alama. Aliyetuokoa ni Refugio Armenta. Huyu ni fundi wa miti, mtu mfupi, mkimya, ana zaidi ya miaka thelathini akining'inia juu ya matawi kwa kamba. Jumapili zake alikuja na gari lake mwenyewe, bila malipo, akatufundisha kukwangua gome kidogo kwa ncha ya kisu. Ukikuta ukijani au unyevu chini yake, mti haujafa, umezimia. Kwa kisu kile mtaa wetu ulipata miti thelathini na mmoja ambayo ilikuwa imeshahukumiwa. Alipofika kwenye mwaloni alikwangua, akaonja kidole chake, akasema mti huu unaujua moto kuliko sisi, tuupe muda.

Basi tukaanzisha zamu ya Jumamosi. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamefungwa tangu moto, kwa hiyo maji yalikuja kwa gari la tangi, nasi tukayagawa kwa ndoo zilizotobolewa vitundu viwili chini: unaiweka ndoo penye mizizi, maji yanatoka polepole mpaka yanakwisha. Kapteni wa ndoo alikuwa Bi Verlene, na hakupigiwa kura. Alikuwa na daftari la zamu, filimbi, na maoni kuhusu namna kila mtu anavyobeba ndoo.

Mwaloni peke yake haukuwamo katika daftari. Refugio alikuwa ametueleza mara mbili, na mara ya tatu kwa ajili ya wagumu wa kusikia, kwamba mwaloni wa milima hii umezoea kiangazi kikavu. Ukiumwagia maji shinani wakati wa joto, shingo yake inaoza, pale shina linapoingia ardhini. Bi Verlene alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa USINIPE MAJI, akakifunga kwenye shina kwa kamba. Mwezi Juni jamaa mmoja mgeni katika zamu alimwaga pale mabaki ya ndoo yake, labda glasi mbili za maji. Bi Verlene alimpa somo refu mpaka yule bwana akauomba mti radhi, kwa sauti, tukisikia.

Kufikia wakati huo mwaloni ulikuwa umeshachipua. Ilikuwa Mei, na machipukizi yalitoka kwenye shina lenyewe, vijani vidogo laini vimejazana juu ya gome jeusi kama manyoya ya kifaranga. Bi Verlene alivihesabu kila siku, na ukimwuliza habari za asubuhi alikujibu idadi.

Kisha likaja joto la Julai. Siku tisa mfululizo tulipita nyuzi arobaini. Bi Verlene alikuwa anatoka kwa dada yake alfajiri na kufika mtaani kabla ya watu wote, na siku ya nne ya joto hilo alisimama mbele ya mti wake akaona vijani vimejikunja. Moyo ukamshinda. Alijua sheria, yeye ndiye aliyeiandika, na kibao chake kilikuwa kinamtazama usoni. Lakini alijiambia kwamba sheria zimewekwa kwa ajili ya watu wasiotumia akili. Akaleta ndoo moja. Kesho yake akaleta mbili, akazoea mbili, akawa anaondoka na kurudi saa mbili na wengine kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Mwisho wa Agosti majani yalianza kugeuka manjano na kudondoka, na chini ya shina, upande ule ule ulioungua, pakatoka majimaji meusi kama chai iliyokolea. Wiki hiyo hiyo kaunti ikaleta tangazo: mti wowote ulioinamia barabara na usio na saini ya fundi kufikia katikati ya Septemba utaondolewa kabla ya pepo za vuli. Watu wanapita chini yake, na hakuna wa kulaumu tahadhari hiyo.

Alhamisi Refugio akaja. Mtaa mzima tulikuwa pale, karibu watu kumi na watano. Aliuzunguka mti mara tatu, akaugonga kwa nyundo ya mpira, akayanusa yale majimaji meusi. Halafu akauliza, bila kumtazama yeyote, kama kuna mtu anaumwagia maji.

"Nani auguse na mimi nipo?" Bi Verlene alijibu.

 Mzee Odell Pinckney, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikohoa na kuangalia viatu vyake. Refugio alitikisa kichwa polepole, akasema kama si maji basi ni moto. Mizizi ya upande ule ilipikwa siku ile ya Januari, na mti umekuwa ukila akiba yake tu. Sasa akiba imekwisha. Mti mzito namna hii, juu ya njia ya watu, hawezi kuutilia saini. Alisema samahani mara mbili. Kazi ya kuukata ikapangwa Jumanne.

Bi Verlene hakulia. Hata siku alipoona majivu ya nyumba yake hakulia. Alimshukuru Refugio kwa adabu, akapanda gari lake, akaendesha mpaka kona na kuegesha. Ameua mti wa Alphonse kwa mkono wake mwenyewe, kwa ndoo, akiwa na akili timamu, halafu akasema uongo mbele ya watu. Alipiga hesabu zote za kujitetea na hakuna iliyomkubalia. Jumapili baada ya kanisa dada yake alimwekea chakula, naye akakigeuza geuza kwa uma mpaka kikapoa.

Mchana huo alirudi Loma Seca kukaa na mti. Mzee Odell alikuwa anaishi kwenye karavani uwanjani kwake tangu Machi. Alimwona, akavuka barabara na viti viwili vya kukunja. 

"Kapteni," Odell alisema, "kwani Refugio umeshamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Mimi nakunywa kahawa yangu dirishani saa kumi na moja na nusu kila siku ya Mungu. Na kila siku unapita hapa na ndoo, unanyata kama mwizi wa maziwa."

Bi Verlene aligeuka mzima mzima. "Umeniona mwezi mzima na hukusema kitu?"

"Nikwambie wewe? Bibi wee, na mimi napenda kuishi."

Alikasirika, na baadaye alisema hasira ile ilimsaidia, kwa sababu ilimpa nguvu ya kuuliza swali alilokuwa analikimbia. Kuna faida gani kusema sasa, na mti ni wa Jumanne? Odell alijikuna kidevu. Alisema yeye si fundi, ila Refugio ameuhukumu mti kwa kesi ya moto, na labda kesi ya maji ina hukumu nyingine. Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza jambo, kisha akaufunga, akakunja kiti chake.

Jumatatu asubuhi Bi Verlene alimfuata Refugio kazini, kwenye bustani moja ya mji upande wa kusini. Alimkuta yuko juu, mita kumi na tano hivi, anapogoa matawi. Mtu mwingine angesubiri ashuke. Bi Verlene alijua kwamba akisubiri atabadili mawazo, kwa hiyo alisimama chini, akaitoa ile sauti ya basi.

"Refugio! Mwaloni nilikuwa naunywesha mimi! Ndoo mbili kila asubuhi, tangu Julai! Nilikudanganya!"

Bustani nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto alisimama kungoja jibu. Refugio alizima msumeno, akashuka kwa kamba bila haraka, akavua kofia ngumu na kujifuta jasho.

"Shinani au mbali na shina?"

"Shinani."

"Mama. Na Alhamisi nilikuuliza mbele ya watu."

"Ndiyo maana nilikudanganya, baba. Mbele ya watu."

Refugio alimtazama, halafu kwa mshangao wake Bi Verlene akaona mdomo unamcheza yule bwana, anazuia kicheko. Alisema mti uliopikwa mizizi na mti uliozama maji huonyesha majani yale yale, manjano yale yale, na ndiyo maana aliuliza. Mizizi iliyopikwa haina dawa. Shingo iliyolowa, ikiwahiwa, wakati mwingine inayo. Hakuahidi kitu. Alisema atakuja saa kumi, na awepo mtu wa kumshikia koleo.

Saa kumi tulikuwepo tena, maana habari za bustanini zilikuwa zimeshatufikia. Refugio alipiga magoti akaanza kuondoa matandazo ya vipande vya mbao yaliyorundikwa shinani, kisha udongo. Alichimba kwa kijembe kidogo, halafu kwa mikono. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, na ulipotoka ulikuwa tope tupu, na harufu ya uyoga ikatufikia sote tulipokuwa tumesimama.

"Mama, hizi ni ndoo mbili?"

"Mbili. Naapa."

"Ndoo mbili haziwezi kufanya hivi. Nimeona visima vyenye maji machache kuliko haya."

Alifikiri labda bomba limepasuka chini, lakini mabomba yote yalikuwa yamefungwa tangu Januari. Aliinua macho, akatutazama mmoja mmoja. Sote tukagundua kwa pamoja kwamba milima inapendeza jioni ile.

Odell ndiye aliyevua kofia kwanza. "Na moja ya jioni," alisema. "Yangu. Akishaondoka yeye."

Bi Verlene alifumbua mdomo, lakini hakuwahi kusema, kwa sababu Sumiko Hatanaka, mwalimu wa piano aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa anakuja Jumatano na Ijumaa mchana. Ndugu wawili wa nyumba ya kona walikuwa wanamwaga maji yaliyobaki kwenye tangi, kwani si yangemwagika tu. Mwingine alikuwa anayaleta kwenye chupa za maziwa. Na yule jamaa aliyeuomba mti radhi mwezi Juni, naye akainua mkono: alikuwa anakuja Jumapili, wakati Bi Verlene yuko kanisani. Mimi pia nilikuwa na siku yangu, sina haja ya kuitaja. Kila mmoja alisoma kibao, akakizunguka. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Na kila mmoja, alipoulizwa na Refugio kwa nini, alitoa sababu ile ile kwa maneno yake: alimsikia Bi Verlene Februari akisema mti ukienda na yeye anakwenda.

Refugio alikaa chini kwenye tope akacheka mpaka machozi yakamtoka. Bi Verlene hakucheka. Alisimama ameshika koleo.

Refugio alipomaliza kucheka alirudi kazini. Alikwangua gome lililolowa upande wa moto. La juu lilitoka lote kama karatasi mbovu, na Bi Verlene alifumba macho. Alipoyafumbua, kisu kilikuwa kimefika ndani zaidi, na ndani palikuwa na rangi ya waridi, safi, ngumu. Refugio alijaribu mahali pengine, na pengine tena, akazunguka mpaka alipoanzia. Akaifuata mizizi miwili mikubwa ya upande ule na kuigonga, ikajibu vizuri.

"Mizizi mizima," alisema. "Shingo imelowa, haijaoza. Wiki tatu zaidi mngeuua, nyinyi na mapenzi yenu."

Pale pale alimpigia simu bibi wa kaunti anayesimamia miti ya barabarani. Yule bibi alikuja Jumanne asubuhi, akafika kabla ya wakataji, akaliangalia shimo na ile rangi ya waridi, akakubali kungoja mpaka Desemba kwa sharti kwamba barabara ifungwe siku za upepo mkali. Wakataji walikunywa kahawa kwa Odell wakaenda mtaa mwingine.

Dawa yenyewe ilikuwa kutofanya kitu. Shimo liachwe wazi, jua liingie, na mtu asimwage hata mate. Hakuna kazi ngumu kama hiyo niliyowahi kupewa. Septemba ilipita kavu, Oktoba ikaja na joto lake la mwisho, na tulikuwa tunapita pale mikono mfukoni tukichungana wenyewe kwa wenyewe. Bi Verlene alihesabu majani yaliyodondoka, na alitutangazia hesabu hiyo kila Jumamosi, hata ilipokuwa mbaya, hata ile wiki aliyosema mia tatu na sauti ikamkatika.

Novemba mvua ya kwanza ilinyesha, ya haki, kutoka juu. Pepo zikapita mbili, barabara tukaifunga na kuifungua. Wiki ya kwanza ya Desemba Refugio na bibi wa kaunti walikuja pamoja. Walifunga kamba juu na kuuvuta mti kwa gari huku wakipima kama mizizi inanyanyuka. Haikunyanyuka. Walikwangua, wakagonga, wakapanda. Refugio alipokuwa juu alikata kijitawi chembamba akakidondosha miguuni pa Bi Verlene. Kilikuwa na majani mapya kumi na moja, magumu, yenye miiba midogo ukingoni, majani ya mti usio na shida na mtu.

Saini zilitiwa juu ya boneti ya gari, ya Refugio kwanza, kisha ya yule bibi wa kaunti.

Hapo ndipo Bi Verlene alipolia. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti, akaililia nyumba, akamlilia Alphonse, akaulilia mwaka mzima, na sisi tulisimama kama watoto waliokuta mwalimu analia, hatujui tushike wapi. Sumiko aliketi karibu naye akamshika mkono. Ilipopungua, alijifuta uso kwa skafu yake, akatutazama, na macho yalikuwa mekundu lakini mzigo ulikuwa umetua, mtu yeyote angeuona.

"Ndoo zote hizo," alisema. "Si mngeniambia tu kwamba mnataka nibaki?"

Tuliangaliana. Odell aliivua kofia yake na kuigeuza geuza mikononi.

"Tungeanzaje, Kapteni? Hujawahi kutupa nafasi ya kusema."

"Basi semeni sasa."

Odell alisema. Alisema baki, Verlene, bila Kapteni na bila utani, na baada yake tulisema sote, mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake. Yeye alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka, akakung'uta sketi, akasema mchora ramani ya nyumba anakuja Jumatatu saa tatu, na kwamba yeyote mwenye maoni kuhusu jiko aje nayo kwa maandishi.